Kinakuja kwa Nani?

Baadaye, mambo yalipokwisha kwa heri na watu wamejazana ofisini kwa Meneja wa bwawa wanakunywa chai, kila mmoja alidai kwamba yeye alikuwa na shaka tangu mwanzo. Si kweli. Asubuhi ile kila mtu pale ukutani alikuwa amekwisha kumzika mtoto kichwani mwake, isipokuwa mwanamke mmoja, Inspekta wa polisi, naye hakubishana na yeyote. Aliomba tu aonyeshwe ile ndala.

Ilikuwa ndala ya kijani, ya mguu wa kushoto. Wazamiaji waliikuta imenasa kwenye chujio la nondo chini ya ukuta wa bwawa, mahali maji yanapovutwa kwenda kwenye pampu za mji. Kamba yake iliwahi kukatika ikashonwa kwa uzi mweusi. Inspekta aliupitisha mshono chini ya kidole gumba. Ulikuwa safi mno kwa ndala.

"Wewe ni fundi cherehani," alimwambia mama aliyekaa kwenye benchi.

"Ndiyo, afande. Ya kitindamimba wangu hiyo. Niliishona mwenyewe, nikamwambia ukiikata tena utatembea peku." Kisha akaziba mdomo kwa upindo wa nguo, maana maneno yale yalikuwa yamegeuka uchuro yakiwa bado hewani.

"Uligundua lini kwamba hayupo?"

"Asubuhi hii. Jana jioni nilijua amelala kwa mdogo wangu. Hulala huko mara kwa mara. Na mdogo wangu naye alijua yuko kwangu."

Hivyo ndivyo watoto wanavyopotea, si kwa kuibwa na mazimwi. Mama anajua yuko kwa mama mdogo, mama mdogo anajua yuko kwa mama, na simu zote mbili zina chaji ila hakuna aliyeona haja ya kupiga.

"Kuna jambo lolote nyumbani? Ugomvi?"

"Hakuna," alisema yule mama, haraka, na macho yake yakavuka maji yote yale hadi upande wa pili wa bwawa, ambako mto unaingilia, kisha yakarudi kwenye mapaja yake. Inspekta aliyaona yakienda na aliyaona yakirudi. Hakuuliza zaidi. Kwanza alimtaka mlinzi.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu mzima aliyevaa koti lililomzidi pande zote. Alijibu maswali huku akivitazama viatu vya Konstebo, aliyekuwa akiandika.

"Nilimwona, mama Inspekta. Jana, jua likitaka kuzama. Alikuwa anafungua kamba ya ule mtumbwi wa plastiki wa kutolea magugu. Nikamuuliza, wewe binti, unakwenda wapi na chombo cha watu?"

"Akasemaje?"

"Akasema, nakuja."

"Akaja?"

"Akaenda."

Konstebo aliinua kalamu. "Mzee, sasa niandike alikuja au alikwenda?"

"Andika alisema nakuja, akaenda. Kwani wewe ukiinuka mbele za watu huwa unasemaje? Unaaga kama unakwenda kaburini?"

"Mwandikie hivyohivyo alivyosema," Inspekta alisema. "Halafu, mzee? Hukumngoja arudi?"

"Zamu yangu iliisha. Lakini sikuondoka kimya, mama, nilimwambia mwenzangu, kuna mtoto anakuja. Naye akajua mtoto anakuja kutoka mjini. Alikaa usiku kucha anaangalia barabara."

Inspekta alitingisha kichwa, akamshukuru. Konstebo alinong'ona kwamba huyu mzee anaficha kitu. "Hafichi," Inspekta alimjibu. "Mtu anayeficha hasemi jambo la kumchekesha polisi."

Meneja wa bwawa ndiye aliyekuwa na hakika kuliko wote. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri, na hakika yake nayo ilikuwa imepigwa pasi.

"Afande, sijui tunachunguza nini. Tuna sona humu majini, mashine ya kusikiliza mwangwi. Kijana wangu wa zamu ya usiku alinieleza kwa simu alfajiri: jana jioni kulikuwa na kitu majini, kinakuja polepole, halafu kikatulia. Kinakuja wapi? Hapa. Kikatulia wapi? Pale." Alilinyooshea chujio kidole, kisha akamwona mama wa mtoto anamtazama, akakishusha. "Pole, mama. Maji ya hapa yana mvuto."

"Wazamiaji wamepata mtumbwi?"

"Bado. Chini kuna tope."

"Plastiki huelea, Meneja."

"Ukijaa maji huzama," alisema Meneja, lakini shati lilianza kukunjika.

"Huyo kijana wa sona yuko wapi?"

"Popo? Amelala. Tunamwita Popo kwa sababu ya usiku, na kwa sababu anaona kwa masikio. Akilala huzima simu."

"Basi tutamgongea."

Popo alikaa katika nyumba za wafanyakazi, nyuma ya pampu, chumba cha mwisho, dirisha limezibwa kwa blanketi. Alitoka amejifunga shuka, jicho moja limefumba.

"Afande, Popo mchana haonekani. Ni kosa la jinai?"

"Mtoto wa kike amepotea na mtumbwi tangu jana jioni."

Jicho la pili likafunguka. "Mtoto? Sikuambiwa mtoto. Meneja aliniuliza alfajiri kama jana niliona kitu, nikamjibu nilichoona, nikalala." Alikwisha kuingia ndani na kutoka na suruali kabla hajamaliza kusema. "Ningejua ni mtoto nisingelala."

Wakatembea wote watatu kuelekea chumba cha mitambo. Njiani pikipiki ilikuwa inakuja kwa kasi, na mwendeshaji alipowaona katikati ya barabara akabana honi, hakuiachia mpaka alipowapita na kutokomea.

"Umeisikia?" Popo aliuliza.

"Nimesikia kelele."

"Honi ile ni moja, haibadiliki. Lakini ilipokuwa inatujia ililia nyembamba, na ilipotupita tu ikanenepa. Mtu wa pikipiki hakubadilisha kitu. Sauti ya kinachokujia inabanana, inakuwa nyembamba. Ya kinachokukimbia inavutika, inakuwa nene. Wakubwa wanaiita athari ya Doppla. Sisi humu ndani tunasema nyembamba na nene, tunaelewana."

"Na mtumbwi haupigi honi."

"Ndiyo maana mashine inaupigia. Inatoa mlio mmoja majini, halafu inanyamaza na kusikiliza mwangwi. Mwangwi ukirudi mwembamba kuliko mlio uliotoka, kitu kinakuja. Ukirudi mnene, kinakwenda. Ukirudi vilevile, kimekaa. Na ukizidi wembamba, ujue kinakimbia zaidi. Hata maji yenyewe tunayapima hivyo, kwa vitakataka vinavyoelea ndani yake."

Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza, kiti kilichofungwa mguu kwa waya, na kioo cha kompyuta chenye rangi mbili, nyekundu kwa nyembamba na buluu kwa nene. Popo alirudisha kumbukumbu za jana hadi jua linazama. Katikati ya buluu tupu ukatokea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Huyu hapa. Anakuja."

"Kiboko?" aliuliza Konstebo.

"Humu hakuna viboko. Samaki nao hawana ukubwa huu."

Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona huu mstari unakatikakatika?"

"Mwendo wake hauko sawa. Unaongezeka, unalegea. Unaongezeka, unalegea."

"Boti ya injini huenda hivyo?"

"Injini huenda mwendo mmoja."

"Mtu anapiga kasia, mtumbwi unaruka. Anainua kasia, mtumbwi unalegea." Inspekta alifanya kwa mikono yake mitupu, kushoto na kulia. "Na hii buluu yote ni nini?"

"Maji. Maji ni buluu siku zote, kwa sababu yanakwenda."

Inspekta alisimama wima. Konstebo, aliyemzoea, aliweka kalamu tayari.

"Popo, mwanangu. Mtoto anakuja, maji yanakwenda. Anakuja kwa nani?"

"Kwa mashine."

"Mashine iko wapi?"

"Mdomoni, pale mto unapoingilia. Imefungwa kwenye nguzo, inaangalia huku ukutani, ili tujue mto unaleta maji kiasi gani..." Popo alianza vizuri akamalizia vibaya. Mkono wake ulikwenda wenyewe kichwani. "Meneja alisikia kinakuja hapa."

"Meneja alikuwa amesimama hapa. Mtu akisimama mahali, kila kinachokuja anaona kinamjia yeye." Inspekta alivuta kile kiti cha waya akakaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sasa nisikilizeni, mnikatize nikikosea. Kitu kisicho na uhai majini kinakwenda na nini?"

"Na maji."

"Maji yanatoka mtoni yanakuja ukutani. Ndala ilianguka, ikabebwa na maji, ikanasa kwenye chujio. Ndala imefanya kama ndala. Lakini huyu mwenye mstari mwekundu amepanda, maji yakishuka. Konstebo, uliwahi kuona maiti inapiga kasia?"

"Hapana, afande."

"Basi andika kwamba mtoto alipita hapa mzima, amekwenda juu mtoni, na akatulia huko. Hakutulia chini ya ukuta."

Konstebo aliandika, na mwandiko wake, ambao siku zote ulikuwa mbaya, ulizidi ubaya kwa furaha. Lakini Popo hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa ameleta kioo kwenye saa ile ile waliyokuwa nayo.

"Afande, maji yamenenepa. Tazama hii buluu ilivyokolea. Jana hayakuwa hivi. Kumenyesha huko juu. Mto unashuka kwa kasi."

"Na mtoto?"

"Yupo. Kitu kile kile, pembeni ya nguzo, kwenye matete. Kimekaa, lakini kinatikisika."

Inspekta alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Kaa hapo usibanduke. Konstebo, mwachie simu yako, mimi ninayo yangu."

Pale kwenye benchi aliongea na yule mama bila kuketi. "Mdomoni kwa mto kuna nani wako?"

Fundi cherehani alifumba macho. "Binti yangu mkubwa. Ameolewa ng'ambo ile. Tulitupiana maneno. Amejifungua, na mimi nikasema hakuna mguu wa nyumba yangu utakaokanyaga kule. Barabara ya huko inapita mbele ya cherehani yangu, afande, nisingekosa kumwona mdogo wake akipita." Alikuwa amefunga njia zote alizozijua. Ya majini hakuifikiria, kwa kuwa yeye mwenyewe huogopa hata beseni likijaa.

"Mwanao jana alipiga kasia kwenda kumwona huyo mtoto mchanga. Nina sababu ya kuamini yuko hai. Utaniuliza sababu ndani ya boti."

 Yule mama aliyeogopa beseni aliruka ndani ya boti ya wazamiaji kabla ya mzamiaji mwenyewe, akakaa katikati, akashika kingo mbili kwa mikono miwili, na alipovikwa jaketi la kuelea lililomfika magotini hakulitazama.

Walipoacha ukuta nyuma, maji yalianza kubadilika rangi. Kwanza yalikuwa ya kijani, kisha ya chai, kisha ya tope lenyewe. Vijiti na majani vilikuwa vinawapita vikielekea walikotoka. Mzamiaji mkuu, mtu mnene asiyependa maneno, aliongeza moto wa injini. Simu ya Inspekta ikaita.

"Nawasikia," alisema Popo. "Mnakuja. Kwa mashine, mnakuja kwa mashine," akaongeza mbiombio.

"Vizuri. Mtoto?"

"Anatikisika. Nene, nyembamba, nene, nyembamba. Kitu kimemshikilia pale pale."

"Amejifunga kwenye matete," alisema mzamiaji. "Ana akili. Tope la pale ukiweka mguu halikurudishii."

Mama aliigeukia simu kana kwamba angeweza kuingia ndani yake. Nguzo ya mashine ilikuwa imeanza kuonekana mbele, na kando yake ukuta wa matete, umeinama wote upande mmoja kwa nguvu ya maji.

"Afande!" Sauti ya Popo ilipasuka. "Imenenepa. Nene tupu, hairudi. Kimeachia. Kinakwenda!"

"Kinakwenda wapi? Sema vizuri."

"Kwa mashine kinakwenda. Kwenu, kwenu kinakuja! Mkono wenu wa kushoto."

"Punguza moto," Inspekta alimwambia mzamiaji. "Kushoto. Anatujia yeye mwenyewe."

Mtumbwi ulitokea kwenye kona ya matete, unazunguka polepole, umezingirwa na takataka za mto, na ndani yake mtoto wa kike ameketi chini kabisa, magoti kidevuni, ameshika kwa mikono miwili kitambaa chake cha kichwa kilichofungwa kwenye matete matatu yaliyong'oka na mizizi yake. Hakuwa na kasia. Alipowaona alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

 Mzamiaji alisogeza boti ikaenda sambamba na mtumbwi, akanyoosha mkono kama mtu anayechukua sahani rafuni, akashika ukingo. Vyombo viwili vikawa kimoja, vikaelea pamoja na maji kuelekea ukutani, taratibu, hakuna tena wa kuharakisha.

"Jana niliita mpaka sauti ikaisha," mtoto alisema kwa mnong'ono. "Kasia lilinaswa na tope."

Mama yake alikuwa amemfikia. Alimshika mashavu, mabega, vidole kimoja kimoja, kama fundi anayekagua nguo iliyorudi kutoka kwa mteja. Mkono wa kulia ukapanda juu.

"Mama, usinipige humu," alinong'ona yule mtoto. "Tutapinduka."

Mzamiaji mkuu, asiyependa maneno, alicheka mpaka boti ikayumba kweli. Mkono ulioinuka ukashuka ukatua kisogoni kwa mtoto, ukabaki hapo.

"Umekula nini tangu jana?"

"Hakuna."

"Na huyo mtoto, ulimwona?"

Kitindamimba alitingisha kichwa kukataa. Hapo ndipo alipolia, kwa hilo na si kwa usiku mzima wa matete.

Ofisini kwa Meneja kulikuwa na birika la chai na joto la watu wengi. Mtoto alilala kwenye kochi, amefunikwa koti refu la mlinzi, na kwa mara ya kwanza koti lile lilimtosha mtu, maana lilimfunika mara mbili. Meneja alikuwa mpole. Alimweleza Popo kwamba kuanzia leo mtu akisema kinakuja, aseme kinakuja wapi. Popo akamwomba msamaha, Meneja naye akamwomba, na mlinzi akaomba asamehewe na wote wawili ili asibaki nyuma.

Inspekta alikuwa na kazi moja iliyobaki. "Mama, nahitaji maelezo ya binti yako mkubwa. Kama alijua mdogo wake ana nia hiyo. Utampigia wewe au nimpigie mimi?"

Fundi cherehani aliitazama simu iliyokuwa mezani. Aliifuta kwa upindo wa nguo ingawa haikuwa chafu. Kisha akabonyeza namba bila kuangalia popote, kama mtu ambaye kidole chake hakikuisahau hata siku moja.

"Ni mimi," alisema. "Ndiyo. Hapana, usilie, yuko hapa amelala, mzima. Alikuwa anamfuata mtoto wako." Alisikiliza. "Najua. Najua nilivyosema. Sikiliza, mama... mama nani? Nikuite mama nani sasa? Sijui hata mmempa jina gani."

Chumba kizima kilijifanya kinakunywa chai. Upande wa pili wa simu ulizungumza kidogo tu, neno moja, labda mawili. Mkono wa yule mama uliokuwa unakunja na kukunjua upindo wa nguo ukasimama.

"Somo yangu?" alisema. "Jina langu?"

Inspekta aliufunga mkoba wake, akamwashiria Konstebo, na mmoja mmoja wakatoka nje wote, Meneja wa mwisho, akauvuta mlango kwa uangalifu usigonge.

"Somo yangu," walimsikia akisema ndani, safari hii bila kuuliza.